Anazifuata ndege mashambani, mwenyewe hajawahi kuruka

Bawa la kushoto linaingia karakanani likiwa limebebwa na watu wanne. Mbele yao yuko wa tano, anatembea kinyumenyume, mikono ameinyoosha kama anayemfundisha mtoto kutembea.

"Taratibu, jamani. Taratibu. Hili si kabati."

Mmoja wa wabebaji, bwana mrefu mwenye miwani, anashindwa kujizuia na kucheka. Anakaziwa macho. "Cheka ukishaliweka chini, Mwenyekiti. Sasa hivi beba."

Huyo anayetoa amri ndiye Mchukuzi. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye leseni ya udereva tu. Hapa uwanjani, uwanja mdogo wa ndege wenye njia moja ya kurukia na mlango mmoja wa choo, kila mtu humwita Mchukuzi, kuanzia mlinzi wa getini hadi huyo mwenyekiti wa chama cha warubani anayetokwa jasho chini ya bawa. Ana miaka hamsini na sita, mfupi, kifua kipana, na ovaroli ya bluu iliyotiwa viraka magotini mara mbili.

Kazi yake ni ya namna yake. Ndege ndogo ya mtu binafsi, zile za viti viwili au vinne, ikizimika injini angani na rubani akalazimika kutua popote patakapomkubali, Mchukuzi ndiye anayeitwa kwenda kuifuata. Anafika na lori, trela refu na shemeji yake. Wanaifungua mabawa, wanayafunga kwa magodoro makuukuu, wanaipakia, na ndege inarudi nyumbani kwa barabara, nyuma ya malori ya mchanga.

Ni mwaka wa ishirini na mbili sasa. Amezitoa ndege kwenye mahindi, kwenye uwanja wa mpira wa shule wakati wanafunzi wamegoma kurudi darasani, na safari moja kwenye bwawa la samaki lililokauka. Hiyo ya bwawa hawezi kuisimulia mpaka mwisho bila kushika mbavu.

"Watu wakisikia injini imezima wanadhani ndege inaanguka kama jiwe," anasema huku akijifuta mikono. "Haianguki, inateleza. Ukiwa na urefu wa kutosha na kichwa kimetulia, unachagua pa kuiweka. Wengi ninaowafuata nawakuta wamekaa kivulini, hawana hata mchubuko. Kilichoumia ni tairi na heshima."

"Na heshima ndiyo nzito kuipakia," anadakia shemeji yake, dereva wa lori, ambaye kazi yake ya pili ni kutomwacha Mchukuzi amalize sentensi.

Ni kazi isiyoombewa dua. Muuza duka anaomba wateja waje. Mchukuzi hawezi kuomba watu wazimikiwe na injini. Kwa hiyo miezi mingi hula kwa kuhamisha watu nyumba: makochi, majokofu, matangi ya maji. Anakiri kwamba kwa wastani anaitwa kwenye ndege mara tano au sita kwa mwaka, na kwamba malipo ya ndege moja ni sawa na ya kuhamisha nyumba nane.

"Usiku anaomba kila aliye angani afike salama," anasema mkewe, ambaye ameleta chai ndani ya chupa na sasa amekaa juu ya tairi kuukuu karibu na mlango. "Asubuhi ananiuliza kwa nini simu hailii."

Lakini ndege inayorudishiwa bawa leo, nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni, haimchekeshi Mchukuzi hata kidogo. Ni ya chama cha warubani wa hapa, watu kumi waliochangishana wakainunua. Wiki saba zilizopita ilizima injini ikatua kwenye shamba la maharage. Aliyekuwa akiirusha ni binti yake.

Binti huyo, mzaliwa wake wa kwanza, ni mwalimu wa hesabu. Alijinyima miaka mitano kujilipia masomo ya urubani, kidogo kidogo, akipanda ndege pale tu mshahara uliporuhusu. Alipopata leseni, chama kikamkaribisha. Tangu siku ile ya maharage hajagusa usukani tena. Amemwambia mwenyekiti kwamba Jumamosi hii, ndege ikitoka karakanani, atakabidhi nafasi yake chamani apewe mwingine.

Jumamosi ni keshokutwa.

*

Mchukuzi ana taratibu zake shambani, na hazivunji kwa ajili ya mtu yeyote.

Ya kwanza ni kumsalimia mwenye shamba kabla ya kuitazama ndege. "Ndege haina haraka tena, imeshafika," anasema. "Mwenye haraka ni yule ambaye mazao yake yamelaliwa. Ukianza na ndege, huyo utagombana naye mpaka jioni. Ukianza na yeye, atakukatia hata miti ya kuwekea trela."

Ya pili ni soksi. Bolti za bawa la kushoto hutiwa ndani ya soksi nyeupe, za bawa la kulia ndani ya soksi nyeusi, na soksi zote zilikuwa za shule za binti yake huyo huyo. Makopo yalimshinda. Kopo likipinduka barabarani, bolti zinachanganyika kama njugu, na usiku mzima unakwenda kwa kuzipanga upya. Soksi unaifunga fundo, imekwisha.

Ya tatu ndiyo anayojivunia kuliko zote. Hamwulizi rubani kumetokea nini. Katu. Anamwuliza swali moja tu: "Umekula?"

"Mtu bado anatetemeka, wewe unamwuliza kumetokea nini. Atakujibu chochote ili umwondokee," anaeleza. "Na jibu hilo litamganda. Kesho atalirudia kwa mwenye ndege, keshokutwa kwa wakaguzi, mwisho atalitetea mpaka uzeeni. Kwa hiyo mimi nampa chapati, namwacha. Kuuliza ni kazi ya wakaguzi. Yangu ni kubeba."

Siku ya maharage, simu ya mwenyekiti ilikuwa fupi. Njoo na trela, shamba liko kando ya mfereji wa maji, rubani mzima. Hakutaja jina. Mwenyewe anasema aliogopa Mchukuzi asije akaendesha vibaya njiani.

Mchukuzi akafika, akashuka, akaenda moja kwa moja kwa mama mwenye shamba aliyekuwa amesimama na jembe lake. Akamsalimia, akampa pole ya maharage. Mama yule akaipokea, kisha akamnong'oneza, "Rubani wako nimempa maji. Masikini mtoto wa watu, anatetemeka."

"Nikageuka kumwangalia huyo mtoto wa watu," anasema Mchukuzi, na sauti inapungua. "Nikaliona sweta. Sweta lile nililinunua mimi."

Binti yake alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji, mikono imekumbatia magoti. Nyuma yake ndege imeinamisha pua, tairi la mbele limetumbukia mferejini, propela imepinda. Alikuwa ameishusha vizuri kabisa, akifuata mistari ya maharage kama aliyeichora mwenyewe. Hatua chache kabla haijasimama ndipo mfereji uliofichwa na majani ukaumeza mguu wa mbele.

Baba akamkaribia. Akasema kile alichozoea kusema.

"Umekula?"

"Bado, baba."

Akampa chapati, akaenda kutoa spana. Shemeji yake anashuhudia kwamba siku hiyo spana ilimponyoka Mchukuzi mara tatu, na kwamba alipoifunga soksi nyeupe alipiga fundo ambalo leo wamelazimika kulikata kwa mkasi. "Nilimwambia, bwana shemeji, pumzika, mimi nitafungua. Akanijibu nisiiguse ndege yake. Tangu lini akawa na ndege?"

*

Wakaguzi wa usafiri wa anga wakaja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Mafundi wakaifungua injini yote, kwa sababu propela ikishagonga ardhi lazima injini ichunguzwe mpaka ndani, na wakasema haina tatizo. Mwalimu aliyemfundisha binti urubani alipoona alama za matairi shambani alisema angependa wanafunzi wake wote watue hivyo.

Nyumbani pakawa kimya.

Mchukuzi hafichi kwamba mwanzoni alifurahi. "Nitadanganya nini? Niliposikia anataka kuacha, nilisema moyoni, asante. Mimi ndege nazijua zikiwa zimefunguliwa. Nazijua zikiwa na matope. Sijawahi kuona faida ya mtoto wangu kuwa huko juu." Yeye mwenyewe hajawahi kuruka. Kila mara warubani walipomwalika, na wamemwalika sana, alisingizia uzito.

Furaha hiyo haikudumu. Nyumba yao iko karibu na uwanja, na tangu utotoni binti yule alikuwa hawezi kusikia mlio wa ndege asinyanyue macho. Angetoka hata na sabuni kichwani. Sasa ndege ikipita anaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kichwa chini. Mara ya kwanza Mchukuzi alipoliona hilo, anasema, aliumia kuliko siku ile ya shambani.

Hata hivyo hakuuliza. Alikuwa ameshika utaratibu wake. Binti akirudi kazini, baba anamwuliza amekula. Binti anasema amekula. Kila mmoja anaingia chumbani kwake.

Mkewe ndiye aliyechoka. Jana jioni, anasimulia bila kupunguza wala kuongeza, alimwekea mumewe sahani mezani na kumwambia, "Wiki saba unamwuliza mwanao kama amekula. Mimi ndiye ninayepika, najua kama amekula. Mwulize kilichompata."

"Nikamjibu, atasema mwenyewe akiwa tayari," anasema Mchukuzi. "Akaniambia, je, kama anakungoja wewe?"

Hapo, anasema, aliisukuma sahani pembeni.

*

Binti mwenyewe anaingia karakanani mchana, akitokea shuleni, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mkono wa blauzi. Amekuja kuchukua chupa ya chai ya mama yake. Ndivyo anavyosema. Mama yake hana haraka ya kuitoa hiyo chupa. Anaikumbatia kama ametumwa kuilinda.

Bawa limeshakaa mahali pake, na Mchukuzi yuko chini yake akipitisha bolti kutoka kwenye soksi nyeupe. Mwenyekiti amelishikilia kwa ncha. Shemeji ameshika taa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umek..."

Anajikatiza. Mkewe, pale kwenye tairi, anainua nyusi.

"Njoo kwanza," anasema Mchukuzi bila kutoka chini ya bawa. "Hivi, siku ile ilikuwaje?"

Binti anasimama. Anamtazama mama yake, anamtazama mjomba wake mwenye taa. Halafu anapiga magoti kwenye sakafu ili waonane uso kwa uso.

"Ilikuwa barafu, baba."

"Barafu? Kwenye joto lile?"

Anaeleza kwa sauti ya mwalimu, polepole. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli ya injini, huipoza hewa inayopita ndani yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ile ya baada ya mvua, unyevu huo unaweza kuganda kwenye koo la kabureta hata kama nje watu wanatokwa jasho. Barafu ikizidi, injini inakosa pumzi. Dawa yake ni kishikio kimoja mbele ya rubani: ukikivuta, hewa ya moto inaingia na kuiyeyusha. Kasoro yake ni kwamba barafu ikianza kuyeyuka, maji hupita ndani ya injini, nayo kwa muda mfupi hukohoa vibaya kuliko mwanzo. Hapo rubani anatakiwa avumilie.

"Mimi sikuvumilia," anasema. "Nilivuta. Ikakohoa, ndege yote ikatikisika. Nikaingiwa na hofu, nikakirudisha. Nilikuwa najua, baba! Swali hilo nililipata kwenye mtihani. Nilipokivuta tena injini ilikuwa imeshakufa."

"Wakaguzi uliwaambia?"

"Niliwaambia kila kitu. Wakaandika, wakanishukuru. Mafundi hawakukuta kitu, kwa sababu barafu ilikuwa imeshayeyuka, ila waliniamini." Anajifuta pua kwa mkono wenye chaki na kuacha alama nyeupe shavuni. "Nyumbani hakuna aliyeniuliza. Nikajua mmeshasikia, na baba ananyamaza kwa sababu ni aibu. Wewe umewachukua warubani wangapi? Nani kati yao aliua injini nzima kwa mkono wake?"

Mchukuzi anaiweka spana chini.

"Sijui, mama," anasema. "Miaka yote hii sijawahi kumwuliza hata mmoja."

Kisha, kutoka kwenye ncha ya bawa, inasikika sauti ya kusafisha koo.

"Bwawa la samaki," anasema Mwenyekiti.

"Bwawa la samaki limefanyaje?" anauliza Mchukuzi.

"Nilirudisha."

"Ulirudisha nini?"

"Kishikio, bwana! Nilivuta, ikakohoa, nikarudisha. Kama yeye." Mwenyekiti hana namna ya kukimbia, akiliachia bawa, wote watakuwa na kazi upya. "Miaka tisa nawaambia watu yalikuwa mafuta mabaya. Hata mke wangu nimemwambia mafuta mabaya. Kituo kile cha mafuta mpaka leo sikisalimii."

Shemeji anacheka mpaka mwanga wa taa unacheza ukutani. Mama anaziba uso kwa kanga. Binti amebaki ameduwaa, mkono mdomoni, akimwangalia bwana huyu mzima mwenye miwani, aliyempa mtihani wa kuingia chamani, aliyemsisitizia habari ya kabureta mara mbili. Mabega yanaanza kumtikisika. Baba yake anadhani analia, anajaribu kutoka haraka, anagonga kichwa kwenye bawa.

Halii. Anacheka, cheko la tumboni ambalo mama yake anasema hajalisikia tangu siku ile.

"Kwa hiyo ndiyo maana ulinisisitizia!"

"Ndiyo maana nilikusisitizia," anasema Mwenyekiti kwa unyonge. "Na nafasi yako chamani siipokei. Nikiipokea yako, na yangu niipeleke wapi?"

*

Bawa linakamilika kabla jua halijazama. Mchukuzi anakaza bolti ya mwisho, anaigusa, anaigusa tena. Nundu imeshaanza kumchipuka kipajini, na mkewe ameibandika kitambaa chenye maji.

Mpango umebadilika. Jumamosi asubuhi yule mwalimu wa urubani ataijaribu ndege mwenyewe, kama ilivyo desturi baada ya matengenezo makubwa. Akiridhika, mchana ni zamu ya binti. Amekubali. Ameweka sharti moja, na amelitaja mbele ya watu ili lisikwepeke.

"Sirudi juu na kiti kitupu pembeni yangu. Baba akae pale."

Mchukuzi anaposimulia sharti hilo, kijasho chembamba kinamtoka upya. Alijaribu uzito. Binti, mwalimu wa hesabu, akamtuma apande mizani ya mizigo iliyo mlangoni, akajumlisha na mafuta na uzito wake mwenyewe, akampa jibu papo hapo: bado kuna nafasi ya mtu na mkoba wake. Alijaribu kusema Jumamosi kuna makochi ya kuhamisha. Shemeji yake, ambaye miaka yote hakuwahi kujitolea kwa lolote, akasema makochi atayahamisha yeye.

"Tena lori nitaliegesha mbali," anaongeza shemeji. "Asije akalitamani akiwa angani."

Mkewe ameshampa maelekezo: asile sana asubuhi, avae sweta, asimshike mtoto mkono anapoendesha. Yeye atasimama uzioni. Hajaamua kama atatazama.

Mchukuzi anasema Jumamosi ikipita salama ataendelea na kazi yake kama kawaida, ila ule utaratibu wa tatu ataubadilisha kidogo. Shambani ataendelea kuuliza kama mtu amekula. Lakini kesho yake, mtu akishalala na kuamka, atampigia simu na kumwuliza ilikuwaje. Anahesabu kwa vidole warubani ambao angependa kuanza nao, na vidole vinamwishia.

Binti anarudi kumuaga baba yake, chupa ya chai mkononi. Mchukuzi amesimama kando ya mlango wa ndege, upande wa kulia, anakitazama kile kiti bila kukigusa.

"Hivi," anamwuliza, "tukiwa huko juu, ukakivuta kile kishikio, ikaanza kukohoa?"

"Naiacha ikohoe, baba."

"Hata ikitutikisa?"

"Hata ikitutikisa."

Anaitikia kwa kichwa, anavuta pumzi mpaka vifungo vya ovaroli vinakaza.

"Basi sawa. Mimi nitakuwa nimefumba macho, mama. Lakini nitakuwepo."